Amplifaya ya valvu: Tulia kabla ya kuichomeka

UMEPATA Dynaco Stereo 70 ya mtumba na mikono inakuwasha kuiskiza? Pole pole, kijana.

Amplifaya hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka wa 1959, wengi wakiinunua ikiwa vipande na kujiundia nyumbani. Hutoa wati 35 kila upande kupitia valvu nne za EL34. Lakini iliyoundiwa soko la huko hutumia volti 120, na stima yetu ni 240. Ukiichomeka hivyo hivyo, imeungua! Tafuta kwanza transfoma ya kushusha umeme.

Halafu kapasita. Zikizeeka huvuja, spika zikaanza kunguruma, na zinaweza kuua transfoma ya ndani, ambayo ni ghali. Zibadilishe kabla ya kuwazia valvu mpya.

Usiiwashe kamwe bila spika. Wala usiifungue kiholela: hata ukiichomoa, kapasita zinaweza kubaki na zaidi ya volti 400, na hizo zinaua mtu. Kazi hiyo mwachie fundi anayezijua valvu. Pesa zako za kwanza ni zake, santuri zitangoja.