Rafiki wa Prezida Kwenye Komite

Vikundi vyetu vingi vya kuweka akiba vinakaribia kugawana pesa, kisha vitachagua komite mpya. Kila mara tunasikia neno lile lile: "Tumuweke fulani, yeye na prezida wanaelewana." Tulitazame neno hilo vizuri kabla ya kuinua mikono.

Makampuni makubwa nayo yana komite yao, inaitwa baraza la wakurugenzi. Kazi yake ni kumchunga mkuu wa kampuni kwa niaba ya wenye hisa, kama komite yetu inavyochunga sanduku kwa ajili yetu sote. Tuchukue Disney ya Marekani, kampuni ya sinema za Mickey Mouse ambazo watoto wetu wanazijua. Miaka ya 1990 mkuu wake alikuwa Michael Eisner. Katika baraza lililopaswa kumchunga aliketi wakili wake mwenyewe, mkuu wa masomo ya watoto wake, na mchoraji wa majengo aliyekuwa akipewa kazi na kampuni.

Mwaka 1995 Eisner alimleta Michael Ovitz, rafiki yake wa zaidi ya miaka 20, awe wa pili wake. Baraza likakubali. Kazi haikwenda. Baada ya miezi 14 Ovitz aliachishwa, akaondoka na malipo ya karibu dola milioni 130. Wenye hisa wakashtaki. Mwaka 2005 hakimu alisema wakurugenzi hawakuvunja sheria, lakini alimlaumu Eisner kwa kujaza baraza marafiki waliokuwa wepesi kumkubalia. Pesa hazikurudi.

Watu hao hawakuiba kitu. Ila ni vigumu kumuuliza swali gumu mtu unayekula naye, au anayekupa kazi. Hata kwetu, nani atamwambia wifi yake mbele ya kikundi, "Hesabu hii haitimii"? Na pesa ile ndiyo ada ya masomo na dawa za watoto.

Kwa hiyo tunashauriana hivi. Funguo tatu za sanduku zikae kwa mama watatu wa nyumba tatu mbalimbali. Anayehesabu pesa asiwe ndugu wa prezida, wala asiwe na deni kwake. Na kila jina likitajwa, tuulize wazi: mama huyu amekwisha kumpinga prezida hata mara moja, na kesho yake wakasalimiana? Akiwapo wa namna hiyo, tumpigie kura.