Tetemeko la Nchi na Udongo wa Kujengea

Tetemeko la nchi linapotokea, watu huuliza upesi ukubwa wake na mahali lilikoanzia. Lakini liko swali la tatu ambalo mara nyingi husahauliwa: nyumba zilizoanguka zilijengwa juu ya udongo wa namna gani?

Umuhimu wa swali hilo ulionekana wazi katika Mexico City, mji mkuu wa Meksiko, tarehe 19 Septemba 1985. Tetemeko la siku hiyo lilianzia pwani ya Bahari ya Pasifiki, zaidi ya maili 200 kutoka mjini. Hata hivyo mamia ya majengo yalianguka katikati ya mji, na maelfu ya watu walikufa. Ajabu ni kwamba mitaa iliyo juu ya vilima vya mawe haikupata hasara kubwa. Vyombo vya kupimia vilionyesha kwamba palikuwapo mahali penye udongo laini palipotikiswa kwa nguvu mara nne au zaidi kuliko penye mwamba.

Sababu ni hii. Sehemu ya kati ya mji ule imejengwa katika ziwa la kale, Texcoco, lililokaushwa baada ya Wahispania kuiteka nchi. Chini yake upo udongo wa mfinyanzi uliojaa maji. Ukiweka bakuli la uji mezani kisha ukaigonga meza, meza hutulia mara moja, lakini uji huendelea kuyumba. Vivyo hivyo, wimbi la tetemeko likitoka katika mwamba na kuingia katika udongo laini hupunguza mwendo wake, na kadiri linavyopunguza mwendo ndivyo mtikiso unavyozidi.

Tena, kila udongo una kipimo chake cha kuyumba. Ili kukijua, kina cha udongo huzidishwa kwa nne, kisha hugawanywa kwa mwendo wa wimbi. Udongo wenye kina cha futi 130, ambamo wimbi hupita futi 260 kwa sekunde, huyumba mara moja kila sekunde 2. Majengo nayo yana kipimo chao: mafupi huyumba upesi, marefu polepole. Kule Mexico City yaliyoumia zaidi yalikuwa ya kimo cha kati, yapata orofa 6 hadi 15, kwa kuwa mwendo wao ulikaribiana na ule wa udongo. Yalisukumwa kama mtoto katika pembea anayesukumwa kila mara kwa wakati wake. Lakini Torre Latinoamericana, jengo la orofa 44 lililomalizwa mwaka 1956, lilibaki limesimama.

Udongo hupimwaje basi? Njia moja ni kutoboa shimo na kupigilia bomba la chuma kwa nyundo ya ratili 140, inayoangushwa kutoka kimo cha inchi 30. Mapigo yanayohitajika ili bomba lizame futi moja huhesabiwa. Yakiwa machache, udongo ni dhaifu. Yakiwa mengi, ni imara.

Njia nyingine haihitaji shimo. Bamba la chuma hulazwa chini na kupigwa kwa nyundo, na vyombo vilivyopangwa kwa mstari huandika wakati wimbi lilipovifikia. Kwa hesabu hiyo hupatikana wastani wa mwendo wa wimbi katika futi 100 za juu. Ukiwa chini ya futi 600 kwa sekunde, udongo huhesabiwa kuwa laini. Ukipita 2,500, ni mwamba.

Vipimo hivi haviwezi kutabiri siku ya tetemeko. Kazi yao ni kumwonyesha mhandisi jinsi mahali patakavyotikisika, ili achague msingi na kimo cha jengo kwa busara.

Jambo hili lahusu Kenya pia. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko kubwa lilitikisa Subukia, katika Bonde la Ufa, na kando ya maziwa ya Bonde hilo kuna udongo mwingi uliowekwa na maji. Kwa hiyo anayetaka kujenga shule, hospitali au nyumba ya orofa mahali palipokuwa ziwa au kinamasi, na aagize udongo upimwe kabla ya msingi kuchimbwa. Ukuta ukiisha kusimama, ni shida kubwa kuubadili msingi wake.