Nyota Iliyopimwa Uzito kwa Saa

Mwaka 2010 wanafalaki wa Marekani waliupata uzito wa nyota moja kwa kutumia saa. Tumeona habari hii iwafae wasomaji wetu, hasa vijana wanaotuuliza vipi mtu akipime kitu asichoweza kukifikia.

Nyota yenyewe ni palsa, mabaki ya nyota kubwa iliyolipuka. Upana wake ni kama kilomita 25 tu, nayo hujizungusha mara 317 kwa sekunde. Kila izungukapo mwale wake wa redio hutupitia, mfano wa mnara wa taa uongozao vyombo baharini. Imeandikishwa kwa jina la J1614-2230. Mwenziwe ni kibete cheupe, yaani nyota iliyokwisha kuni zake ikabaki kaa. Huzungukana kila baada ya siku 8.7.

Paul Demorest na wenzake, kwa darubini ya redio ya Green Bank yenye sinia la upana wa mita 100, waliandika nyakati za kufika kwa mapigo hayo. Kazi hii yataka subira. Dunia nayo haitulii, hivyo mwendo wake sharti uondolewe katika hesabu, kisha na mwendo wa palsa kumzunguka mwenziwe. Baada ya hapo, pigo likichelewa lina sababu.

Na yalichelewa. Mzunguko huo twauona ubavuni, hivyo kibete hupita karibu kabisa na njia ya mapigo yajayo kwetu. Irwin Shapiro alikwisha kubainisha mwaka 1964, akifuata nadharia ya Einstein, kwamba mwale upitao jirani na kitu kizito hukawia. Hapa ulikawia makumi machache ya sehemu za milioni ya sekunde. Nasi saa ya ukutani ikikosea dakika mbili twasema si neno! Kutokana na ukawiaji huo kibete kilionekana kina nusu ya uzito wa Jua, na palsa karibu mara 2 ya Jua. Vipimo vya baadaye vimeushusha kidogo, hadi kama 1.9.

Mzozo ulikuwa hapo. Baadhi ya wataalamu walishikilia kuwa katika kina cha nyota hizi nyutroni hugeuka chembe nyingine ngeni, na kiini kikalegea. Lakini kiini kilicholegea mno kisingeubeba uzito huo. Kingeporomoka kikawa shimo jeusi. Nyota ingali inapiga, na nadharia kadhaa za namna hiyo zimewekwa kando.