Je, Wajua? Kutoka Mzigo wa Mpagazi Hadi Biblia ya Kiganjani

Je, wajua kwamba mpagazi wa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora, alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi? Leo mzigo wa vitabu umekuwa mwepesi: Biblia nzima ya Kiswahili ikihifadhiwa kama maandishi matupu haifiki megabaiti 6. Kadi ya kumbukumbu ya GB 32, ile ndogo kama ukucha ambayo fundi simu wa Kanyenye, hapa Tabora mjini, hukuchomekea kwa dakika moja, ina nafasi ya nakala zaidi ya 5,000.

Je, wajua kwamba mmisionari David Livingstone aliandika kuwa akiwa Manyema, mashariki mwa Kongo, aliisoma Biblia yote mara nne? Hakuwa na rafu ya vitabu. Alikuwa na Biblia, na muda mrefu wa ugonjwa na kungoja.

Wino na karatasi vilipomwishia, mwaka 1871, aliandika kumbukumbu zake juu ya kurasa za gazeti kuukuu la The Standard la Novemba 1869, kwa wino wa mimea. Wino ule ulififia hadi maandishi yakawa hayasomeki. Wataalamu walizipiga picha kurasa hizo kwa mianga ya rangi nyingi, maneno yakajitokeza juu ya chapa ya gazeti, mwaka 2011 yakatolewa mtandaoni, na leo yamo kwenye maktaba ya kidijitali iitwayo Livingstone Online. Humo pia limo daftari lake kubwa linaloitwa Unyanyembe Journal, ambalo mwanahabari Stanley, aliyekuwa amekuja kumtafuta, aliondoka nalo Kwihara, jirani kabisa na Tabora mjini, Machi 1872. Mwanafunzi wa Kanyenye leo anaweza kulifungua bure. Kwangu mimi hili ni jambo kubwa: maandishi yaliyotoka kwetu kichwani mwa mpagazi yamerudi kwetu kwa mkongo wa intaneti.

Je, wajua kwamba Jacob Wainwright, mmoja wa Waafrika waliosafiri na Livingstone, aliyesoma ibada kwenye mazishi ya moyo wa Livingstone mwaka 1873, na ambaye kalamu yake ilituachia simulizi la safari ya kuurudisha mwili wa marehemu, alifia Urambo, mkoani Tabora, mwaka 1892?

Je, wajua kwamba kisanduku cha kutafutia neno ndani ya programu ya Biblia kina babu mwenye umri wa karibu miaka 800? Karibu mwaka 1230, Wadominiko wa Paris wakiongozwa na Hugh wa Saint-Cher walitengeneza orodha ya maneno ya Biblia na mahali yanapopatikana. Kwa Kiswahili kitabu cha namna hiyo huitwa itifaki. Mwaka 1957 John Ellison alitoa itifaki ya kwanza iliyotengenezwa kwa kompyuta. Mashine ilifanya kwa muda mfupi kazi ambayo zamani ilikula maisha ya mtu.

Na hapa ndipo penye siri ambayo wengi hawaambiwi. Programu nyingi za kusomea Biblia ziliundwa na watu wa lugha ambazo neno hubadilika zaidi mwishoni. Kiswahili hubadilika mbele, katikati na nyuma. Andika “samehe” kwenye programu inayotafuta neno zima, nayo itakuletea “samehe” peke yake. “Kusamehe”, “amesamehe” na “msamehe” zitakupita. Dawa yake ni kutafuta mzizi, “sameh”, na kuchagua sehemu ya neno badala ya neno zima. Umemaliza? Bado. “Msamaha” haumo, kwa sababu irabu imegeuka. Tafuta tena kwa “samah”. Ukiweka orodha hizo mbili pamoja ndipo unapokuwa na somo la msamaha la kufundishia jumuiya. Hali ni hiyo hiyo kwa “amini” na “imani”. Anayetafuta mara moja akaridhika atasimama mbele ya watu na nusu ya Maandiko.

Je, wajua kwamba tarakimu ndogo unazoziona pembeni ya maneno katika baadhi ya programu zilitoka kwenye itifaki ya James Strong ya mwaka 1890? Alilipatia kila neno la msingi la Kiebrania na la Kigiriki namba yake. Fungua Yohana 21, Yesu akizungumza na Petro kando ya ziwa. Kwa Kiswahili utaona kitenzi kimoja tu, kupenda. Bonyeza namba, utakuta Kigiriki kinatumia viwili, agapao na phileo. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana kama tofauti hiyo ina uzito au ni mapambo ya usemi. Kwa hiyo, mhubiri mwenzangu, usijenge hotuba ya saa nzima juu ya namba mbili. Namba inakuonyesha mlango, haikusomei kilichomo ndani.

Je, wajua kwa nini Zaburi ya mchungaji ni ya 23 katika Biblia moja na ya 22 katika vitabu vya zamani vya Kikatoliki? Tafsiri ya kale ya Kigiriki, na ya Kilatini iliyoifuata, ziliunganisha Zaburi ya 9 na ya 10 kuwa moja, hesabu ikarudi nyuma kwa namba moja. Zinakuja kulingana tena kwenye Zaburi ya 148, na zote huishia 150. Kabla hujailaumu programu kwamba imekosea, angalia inahesabu kwa mtindo upi.

Je, wajua kwamba tafsiri ya Karl Roehl ya mwaka 1937, iliyojaribu kukwepa maneno yenye asili ya Kiarabu, sasa inasomeka kwenye simu? Iweke kando ya Union Version ya 1952 na Habari Njema, mstari kwa mstari. Utasikia Waswahili watatu wakizungumza jambo moja, na mara nyingi pale wanapotofautiana ndipo penye swali la kuuliza.

Je, wajua kwamba Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye kufundisha St. Mary’s hapa hapa, alizigeuza Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi, zikachapwa mwaka 1996 huko Ndanda?

Je, wajua kwamba programu nazo hufa? BibleWorks, iliyopendwa na wanafunzi wa Kiebrania na Kigiriki tangu 1992, ilifungwa mwaka 2018. Ndiyo maana nashauri usiweke kazi yako yote ndani ya programu moja. Maelezo unayoyaandika kando ya mistari, yanakili kwenye faili la kawaida, na daftari nalo liwepo. Jambo jingine la haraka: YouVersion, MySword na AndBible ni za bure, na zote husomeka bila mtandao ukishapakua. Pakua ukiwa mjini bando likiwepo, kabla hujaenda kigangoni.

Je, wajua kwamba Wamoravian, ambao kanisa lao la magharibi mwa Tanzania lina makao yake Tabora, wamekuwa wakitoa neno la kila siku tangu 1728, na kitabu chake kikachapwa mara ya kwanza kwa ajili ya mwaka 1731? Desturi ile ile leo hufika kwa simu asubuhi.

La mwisho ndilo linalonigusa zaidi. Fungua maktaba kubwa za kidijitali za teolojia, Logos kwa mfano: maelfu ya vitabu, na vilivyo vingi ni vya Kiingereza. Lakini Kiswahili hakikukosa vitabu. Tazama nyuma ya jalada la vitabu vingi vya zamani vya dini na utakuta maneno haya: T.M.P. Book Department, Tabora. Katekisimu, maisha ya watakatifu, maelezo ya Injili, kwa Kiswahili chepesi na kizuri, vilichapwa hapa kwetu na kusambazwa nchi nzima. Karatasi zake sasa zina rangi ya chai, na mchwa wa Unyamwezi hawachagui kitabu kitakatifu.

Kama kabatini kwa bibi yako, iwe Kanyenye, Isevya, Cheyo au Ng’ambo, kimo kitabu chenye anwani hiyo, usikitumie kufungia maandazi. Kipige picha ukurasa kwa ukurasa mchana penye mwanga, andika jina lake na mwaka wa kuchapwa, halafu kipeleke kwa mtunza maktaba wa seminari ya Kipalapala au wa chuo kilicho karibu nawe, na umuulize kuhusu hakimiliki kabla hujakisambaza.