Mababa wa Afrika na Sala Yetu (3): Augustino, Mpenda Kimya Aliyeshikwa na Umati

Tangu Mei 8, 2025, siku makardinali walipomchagua Robert Prevost kuwa Papa Leo XIV, jina la Augustino limerudi midomoni mwa watu. Papa mwenyewe, mtawa wa shirika linalofuata kanuni ya mtakatifu huyo, alijitambulisha jioni ile kuwa mwana wa Augustino. Mimi niliyemsoma tangu ujanani nimefurahi sana. Ila namwona akitajwa kwa mambo yale yale: dhambi za ujana, machozi ya mama yake Monika, uongofu wa Milano. Jambo ambalo lingewafaa zaidi Wakristo wa mji wetu, Bujumbura, halitajwi, nalo ni namna alivyopigania kimya chake hadi kufa bila kuwatoroka watu.

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulikuwa Misri, kwa Antoni aliyejitenga jangwani na kwa Pakomi aliyewakusanya watawa waishi pamoja. Sitayarudia hayo. Leo twende magharibi, kwenye pwani ya nchi tunayoiita Algeria.

Augustino alibatizwa mwaka 387, akarudi kwao Thagaste mwaka uliofuata. Huko aliishi na rafiki wachache kwa sala, vitabu na mazungumzo. Hakuwa mtu wa kuchukia watu. Rafiki aliwapenda mno. Alichokimbia ni makelele ya vyeo. Siku zile waumini walikuwa na desturi ya kumshika mtu mwema wakamweka madarakani apende asipende, kwa hiyo Augustino alijihadhari asikanyage mji wowote usiokuwa na askofu. Mji wa Hippo ulikuwa na askofu wake, mzee Valerius. Basi mwaka 391 Augustino akaenda huko bila hofu, kumwona mtu aliyetumaini kumvuta katika maisha ya sala.

Akaingia kanisani. Valerius alikuwa akiwaeleza watu kwamba anahitaji padre. Watu wakageuka, wakamshika Augustino, wakamsukuma mbele apewe upadre palepale. Akalia. Possidius, mwanafunzi wake aliyeishi naye karibu miaka 40, anasimulia kwamba wengine walidhani analia kwa kukosa uaskofu, wakambembeleza: vumilia, upadre uko karibu na uaskofu! Ndivyo umati unavyomsoma mtu mkimya hata leo. Akinyamaza, ana kiburi. Akilia, anataka cheo.

Alipofutwa machozi hakutoroka. Alimwandikia Valerius akimwomba muda wa kusoma Maandiko kabla ya kuanza kazi, naye Valerius, mzee mwenye hekima, akampa na bustani ya kujenga monasteri. Alipokuwa askofu, Augustino aliigeuza nyumba ya askofu kuwa makao ya mapadre na mashemasi wanaoishi pamoja.

Ebu tuitazame meza ya nyumba hiyo. Vijiko vilikuwa vya fedha, lakini vyombo vingine vilikuwa vya udongo, vya mbao au vya marumaru. Wakati wa kula, kitabu kilisomwa au hoja ikajadiliwa. Na juu ya meza yenyewe paliandikwa onyo: anayependa kumsengenya asiyekuwepo ajue kwamba meza hii haimstahili. Siku moja maaskofu wenzake, rafiki zake wa karibu, walisahau onyo hilo. Augustino akawaambia kwa ukali kwamba ama maandishi yafutwe, ama yeye anyanyuke aende chumbani kwake. Mwenye busara ataona maana yake. Penye usengenyaji, mtu mkimya hathubutu kukosekana hata siku moja, maana anajua atakayosemwa.

Kazi ya askofu ilimla. Waumini walimletea mashauri ya mashamba, urithi na madeni, akayasikiliza hadi saa ya kula, pengine siku nzima bila kula. Mwaka 426, akiwa na miaka 71, alisimama mbele ya waumini wake akawakumbusha agano walilowahi kufanya, kwamba wamwachie siku 5 kila wiki ashughulikie Maandiko Matakatifu. Walilishika kwa muda mfupi tu, wakalivunja. Sasa aliwaomba mizigo hiyo apelekewe padre Eraclius. Makarani waliandika kikao chote, hata idadi ya mara watu walizopaza sauti kukubali. Miaka minne baadaye, Wavandali wakiwa wameuzingira mji, mzee huyo alibandikiwa Zaburi za toba ukutani, mbele ya kitanda chake. Akaomba asiingiliwe na mtu isipokuwa waganga na waleta chakula. Alikaa hivyo siku kama kumi, akisoma na kulia, hadi alipofariki Agosti 28, 430.

Fundisho lake ni hili: hakuna aruhusiwaye kutulia hadi amsahau jirani, wala kushughulika hadi asimtafute Mungu.

Burundi inalijua fundisho hili kwa damu. Mwaka 1986 serikali ya Rais Bagaza ilipopiga marufuku inama sahwanya, jumuiya zetu ndogo, ilikuwa inakiri bila kutaka kwamba Wakristo wanaokutana mtaani wana nguvu. Nao vijana wa seminari ndogo ya Buta walikuwa wametoka kwenye mafungo ya Pasaka muda mfupi kabla ya Aprili 30, 1997, wauaji walipowaamuru wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Walikataa. Arobaini waliuawa. Kwangu mimi, kimya cha mafungo kiliwaandaa kubaki pamoja.

Nafasi imekwisha, nami nasema wazi. Mji wetu umejaa makesha, korali, vyumba vya maombi na spika. Ni vema watu wamsifu Mungu. Ni kosa, tena kosa kubwa, kumhukumu Mkristo mpole kwa sababu hapigi makofi, hatoi ushuhuda hadharani, au anapanda kilima cha Gikungu peke yake kusali.

Viongozi wa jumuiya, baada ya Injili wekeni dakika chache za kimya cha kweli, na msimlazimishe mtu kusema. Mapadre na wachungaji, acheni mlango wa kanisa wazi mchana, bila muziki, apate kuingia anayetaka kukaa na Mungu wake. Nawe ndugu yangu mkimya, usiyafanye maumbile yako kuwa kisingizio. Ukichoshwa na mkutano wa watu hamsini, kamtembelee mgonjwa mmoja, ukae naye, umsikilize. Kazi hiyo wasemaji wengi hawaiwezi. Kisha siku ya jumuiya nenda, hata kama utakaa nyuma. Ndugu zako wanakuhitaji.