Mahasimu ndani ya kanisa moja: Gitui waligombania nini?

Wadau, kuna wanaodhani mahasimu wa siasa wakisali kanisa moja basi mambo yameshakuwa shwari. Tucheki yaliyotokea Kenya.

Jumapili ya tarehe 8 Septemba 2019, katika Kanisa Katoliki la Gitui, Murang'a, waheshimiwa wawili walivutana mbele ya waumini mpaka polisi wakaingilia kati. Mmoja ni Ndindi Nyoro, mbunge wa Kiharu. Mwingine ni Maina Kamanda, mbunge wa kuteuliwa. Wote chama kimoja, Jubilee! Ila Nyoro alikuwa Tangatanga, yaani kambi ya Naibu Rais wa wakati ule, William Ruto. Kamanda alikuwa Kieleweke, waliosimama na Rais Uhuru Kenyatta. Ugomvi wenyewe: nani aongoze shughuli ya harambee.

Sasa harambee ya kanisa ina utamu gani? Kwanza ni jukwaa la bure. Watu wameshakaa, wametulia, na kanisani hakuna kuzomea. Pili, mchango unasafisha jina.

Na majina yalihitaji kusafishwa kweli. Julai 2019 Waziri wa Fedha, Henry Rotich, alikuwa amepandishwa kizimbani kwa kashfa ya mabwawa ya Arror na Kimwarer, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 60 za Kenya. Desemba 2023 mahakama ilimwachia huru. Lakini mwaka ule wananchi walikuwa wanauliza: haya mamilioni ya kila Jumapili yanatoka wapi? Sisemi pesa za Gitui zilitoka kwenye mabwawa. Ninachosema ni kwamba kikapu cha sadaka hakiulizi risiti.

Kanisa lenyewe lilikuja kustuka. Septemba 2021, kule Butere, Askofu Mkuu wa Anglikana, Jackson Ole Sapit, aliwanyima wanasiasa maiki. Raila Odinga na Musalia Mudavadi walikuwepo, wakakaa kama waumini wengine. Novemba 2024 Askofu Mkuu Katoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, akaagiza Rais Ruto arudishiwe shilingi milioni 2.6 alizotoa parokia ya Soweto.

Kwa hiyo kukaa benchi moja siyo kupatana. Ondoa maiki na bahasha, halafu uone nani atarudi Jumapili ijayo.

Huko kwenu vipi, wadau? Mbunge akija na bahasha, mchungaji anapokea au anauliza kwanza?