Glakoma na Urithi: Kwa Nini Ndugu wa Mgonjwa Wapimwe Macho

Mgonjwa anapoambiwa kwamba ana glakoma, kwa kawaida huuliza kama atapofuka. Ni nadra kuuliza juu ya watu wasiokuwamo katika chumba cha uchunguzi: kaka zake, dada zake na watoto wake. Hata hivyo, kugunduliwa kwa ugonjwa huu kwa mtu mmoja ni taarifa inayoihusu familia nzima, na mara nyingi taarifa hiyo hupotea kwa sababu hakuna aliyeelekezwa kuifikisha nyumbani.

Glakoma ni kundi la magonjwa yanayoharibu neva ya jicho, yaani kifungu cha nyuzi zipatazo milioni moja kinachopeleka taarifa za uoni kutoka kwenye retina hadi kwenye ubongo. Aina inayoonekana zaidi katika Afrika kusini mwa Sahara ni glakoma ya pembe wazi, ambayo hatari yake huongezeka kadiri umri unavyosonga, hasa baada ya miaka 40. Ndani ya jicho hutengenezwa umajimaji unaotoka kupitia chujio dogo lililo katika pembe kati ya konea na irisi. Chujio hilo likiupitisha kwa shida, shinikizo la jicho hupanda na nyuzi za neva hufa polepole. Watu wengi huuita ugonjwa huu presha ya macho. Ieleweke kwamba si shinikizo la damu, na kwamba baadhi ya wagonjwa huharibikiwa neva hata shinikizo la jicho likiwa katika kiwango cha kawaida.

Glakoma hii haiumi. Uoni wa pembeni ndio unaoanza kupungua, na jicho moja hufidia upungufu wa jingine, hivyo mgonjwa hatambui lolote hadi uharibifu umekuwa mkubwa. Wengine hudhani wana mtoto wa jicho na husubiri ukomae ndipo wafanyiwe upasuaji. Kusubiri huko kuna gharama kubwa, kwani uoni uliozibwa na mtoto wa jicho huweza kurudishwa kwa upasuaji, lakini uliopotezwa na glakoma haurudi.

Ugonjwa huu hurithiwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni adimu: badiliko katika jeni moja hutosha kuuleta. Mfano wake ni jeni ya MYOC, iliyotambuliwa kuhusika na glakoma mwaka 1997. Badiliko katika jeni hiyo huifanya protini ya mayosilini ijikunje vibaya na kurundikana ndani ya seli za chujio. Katika familia kama hizo, kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu wa kurithi badiliko hilo, na ugonjwa huweza kuanza utotoni au ujanani. Jeni hii, hata hivyo, huhusika kwa wagonjwa takriban 3 hadi 4 tu katika kila 100 wenye glakoma ya pembe wazi.

Njia ya pili ndiyo ya wengi. Hapa jeni nyingi huchangia, kila moja kwa kiasi kidogo, na umri huongeza uzito wake. Utafiti mkubwa wa kimataifa wa mwaka 2021 ulibainisha sehemu 127 za vinasaba zinazohusiana na glakoma ya pembe wazi. Kwa kuwa sehemu kubwa ya tafiti za namna hii imefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, zipo pia tafiti zinazowalenga watu wenye asili ya Kiafrika. Mmojawapo, uliochapishwa mwaka 2019 ukihusisha Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Marekani na nchi nyingine, uliihusisha jeni ya APBB2 na ugonjwa huu.

Uzito wa urithi huonekana wazi katika takwimu. Uchunguzi uliofanyika Rotterdam, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka 1998 ulikadiria kwamba ndugu wa tumbo moja na watoto wa wagonjwa wana hatari ya asilimia 22 ya kupata glakoma kufikia umri wa miaka 80, ikilinganishwa na asilimia 2.3 kwa jamaa wa watu wasio na ugonjwa. Katika wilaya ya Kongwa, Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliikuta glakoma kwa takriban asilimia 4 ya watu wenye miaka 40 na zaidi. Katika jamii ambamo ugonjwa ni wa kawaida kiasi hicho, historia ya familia haipaswi kupuuzwa.

Wagonjwa wengi hawahitaji kipimo cha jeni. Kipimo hicho hufaa hasa pale ugonjwa unapoanza mapema na kuwapata watu wa vizazi kadhaa. Kwa wengine wote, mhudumu wa afya aulize kama yupo jamaa aliyepofuka uzeeni, na kwa sababu gani. Jibu likiashiria glakoma, ampe mhusika rufaa ya kupimwa shinikizo la jicho na kuchunguzwa neva. Asiridhike na shinikizo peke yake. Aidha, jamaa wa wagonjwa waonywe dhidi ya kutumia dawa za macho zenye steroidi bila usimamizi, kwa kuwa zinaweza kuwapandishia shinikizo kwa urahisi zaidi.

Mgonjwa naye awataje kwa daktari ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake waliofikisha miaka 40, kisha awahimize wakapimwe. Ugonjwa ukiwa ulianza mapema katika familia, wapimwe wakiwa na umri mdogo zaidi. Anayekutwa hana ugonjwa leo arudi kila baada ya mwaka mmoja hadi miwili, au kwa ratiba atakayopangiwa. Anayekutwa nao mapema ana nafasi nzuri ya kuuhifadhi uoni wake kwa matone, leza au upasuaji. Jeni alizorithi mtu hazibadiliki, ila siku ya kupimwa kwake inaweza kusogezwa mbele, kabla nyuzi za neva hazijafa.